Maswali Yenu: Seli Shina na Mapafu Yanayoshambuliwa na Kinga ya Mwili

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Tangu tulipoandika kuhusu magonjwa ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, wasomaji wengi wameuliza kama seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, zinaweza kuyaponya mapafu yaliyoharibiwa na magonjwa hayo. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu familia iliyoiandika inakaribia kufanya uamuzi usioweza kurudishwa nyuma.

Daktari, shikamoo. Dada yangu ana umri wa miaka 34 na ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa na kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi akitembea mlimani. Alipewa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea, kisha akaanzishiwa tena mara ya pili. Vidole vyake hugeuka vyeupe asubuhi ya baridi, na ngozi ya mikono imekaza hadi hawezi kukunja ngumi. Hatimaye tuliambiwa ana skleroderma na kwamba imefika kwenye mapafu. Kwa sasa anatumia prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupoza uvimbe, peke yake. Mjomba ametumiwa kwa WhatsApp tangazo la kliniki moja ya nje ya nchi inayotoa sindano za seli shina za kitovu cha mtoto, kwa awamu tatu, na kuahidi kwamba mapafu yatakuwa mapya. Bei ni dola 24,000 bila nauli. Kikao cha ukoo kimependekeza tuuze kiwanja alichotuachia marehemu baba, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukuuliza. Je, tuuze? — Msomaji, Morogoro

Marahaba, na nakupa pole wewe pamoja na dada yako. Natanguliza jibu ili kikao chenu kisisubiri: msiuze kiwanja kwa ajili ya sindano hizo. Sisemi hivyo kwa kudharau seli shina, kwa kuwa ipo tiba ya seli shina iliyowasaidia wagonjwa wa skleroderma wenye mapafu kama ya dada yako, na nitaieleza kwa kirefu. Lakini siyo hiyo mliyotangaziwa, na kufanana kwa majina ndiko kunakowapa wauzaji nafasi.

Skleroderma huanza pale mfumo wa kinga unapokosea na kuishambulia mishipa midogo ya damu pamoja na tishu zinazoshikamanisha viungo. Mwili hujibu mashambulizi hayo kwa kutengeneza makovu kupita kiasi. Kwenye ngozi tunayaona kama ukakamavu; kwenye mapafu hayaonekani kwa macho, kwani yanajipenyeza kwenye kuta nyembamba zinazotenganisha vifuko vya hewa na damu, na kuta hizo zikishakuwa nene hewa ya oksijeni hupita kwa shida. Ndiyo maana mgonjwa anakohoa bila kutoa makohozi na anahema akipanda mlima huku akiwa mzima anapoketi. Maradhi ya mapafu ndiyo sasa yanayoongoza kwa kusababisha vifo vya wagonjwa wa skleroderma. Kuhusu dawa za kifua kikuu alizopewa mara mbili, hilo linatokea mara nyingi katika nchi zetu, kwa sababu kikohozi, kupungua uzito na vivuli kwenye picha ya eksirei vinafanana. Mgonjwa ambaye makohozi yake hayana vimelea na hapati nafuu kwa dawa anastahili kuangaliwa vidole na ngozi yake kabla ya kuandikiwa dozi ya pili.

Sasa nieleze tiba iliyofanyiwa utafiti, iitwayo upandikizaji wa seli shina. Mgonjwa hupewa dawa inayouchochea uloto wake, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa, ili umwage seli shina za damu kwenye mishipa. Mashine huzichuja seli hizo kutoka kwenye damu yake mwenyewe, zikahifadhiwa kwenye barafu kali. Kisha, na hii ndiyo hatua nzito, hupewa dawa kali za aina ile inayotumika kutibu saratani, pamoja na kingamwili (protini za kinga) maalumu za kuua seli za kinga, hadi kinga yake iliyopotoka ifutwe karibu yote. Baada ya hapo anarudishiwa seli zake kwa dripu, nazo huenda zenyewe kwenye uloto na kuanza kujenga damu na kinga mpya. Mkulima atalielewa jambo hili haraka: shamba limevamiwa na magugu yasiyokoma, mwenye shamba anaweka akiba ya mbegu ghalani, analichoma na kulilima shamba lote, kisha anapanda tena kutoka kwenye akiba ile. Kilichoondoa magugu ni moto na jembe. Mbegu ziliwekwa ili shamba lisibaki jangwa.

Naomba uwasomee wanaukoo sehemu hiyo mara mbili, kwa sababu matangazo mengi yanaigeuza juu chini. Katika tiba hii seli shina haziendi kwenye mapafu kuota mapafu mapya. Kinacholeta faida ni kuifuta kinga iliyokosea, na seli shina zinamwokoa mgonjwa asife kwa kukosa damu na kinga baada ya dawa hizo kali. Mapafu yanapata nafuu kwa sababu mashambulizi yamekoma. Kovu la zamani lililokwisha kukomaa haliyeyuki.

Matokeo yake yanajulikana kwa sababu watafiti walikubali kuwapangia wagonjwa tiba kwa bahati nasibu na kuhesabu waliopona na waliokufa pande zote mbili. Utafiti wa kwanza wa namna hiyo, ulioitwa ASSIST, ulifanyika Chicago na kuchapishwa mwaka 2011. Ulikuwa mdogo, wa watu 19 tu, na wote 10 waliopata tiba ya seli shina walionyesha nafuu katika mwaka mmoja, ilhali hakuna hata mmoja kati ya 9 waliopewa dawa ya kushusha kinga iitwayo saiklofosfamidi kila mwezi aliyeonyesha nafuu ya kiasi hicho. Wa pili, ASTIS, ulihusisha wagonjwa 156 katika nchi 10 na kuchapishwa mwaka 2014. Hapa ndipo ukweli mchungu ulipojitokeza: kati ya 79 waliopangiwa seli shina, 8 walifariki kutokana na tiba yenyewe ndani ya mwaka wa kwanza. Upande wa pili hakuna aliyefariki kwa sababu ya dawa. Hata hivyo, miaka ilivyosonga mizani iligeuka, na waliokuwa wametibiwa kwa seli shina wakawa wanaishi muda mrefu zaidi. Wa tatu ni SCOT wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, wa wagonjwa 75 ambao karibu wote walikuwa na ugonjwa wa mapafu. Baada ya miezi 72, makadirio yalionyesha kwamba asilimia 86 ya waliofanyiwa upandikizaji walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 51 ya waliotumia saiklofosfamidi, na vifo vilivyotokana na upandikizaji vilikuwa asilimia 6.

Mimi huzisoma takwimu hizo kwa heshima na kwa hofu kwa pamoja. Ni nadra katika ugonjwa huu kuona tofauti kubwa kiasi hicho kati ya tiba mbili. Lakini mgonjwa anayeingia chumba kile anajua kwamba huenda asitoke, na kwamba ugonjwa ulioachwa uendelee pengine ungempa miaka kadhaa zaidi kuliko tiba iliyokwenda vibaya. Baadhi ya waliofariki waliponzwa na moyo. Skleroderma hushambulia moyo kimyakimya, na moyo ulioathirika hauhimili maji mengi na dawa kali zinazotumika. Ndiyo sababu vituo vyenye uzoefu siku hizi haviridhiki na eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ya kawaida. Vinapima presha ndani ya moyo kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa na vinaupiga moyo picha ya sumaku. Waliowahi kuvuta sigara nao walionekana kuwa katika hatari zaidi.

Pia si kila mgonjwa aliyekubaliwa. ASTIS ilichukua watu ambao ugonjwa wao haujazidi miaka minne, na SCOT ambao haujazidi mitano, tena wenye dalili za kwenda vibaya haraka. Mapafu yaliyochoka sana yaliwaondoa wengine, kwa kuwa mtu ambaye uwezo wa mapafu yake kupitisha gesi umeshuka chini ya asilimia 40 ya kawaida hakuruhusiwa. Kwa hiyo tiba hii ina dirisha lake: ugonjwa uwe mkali vya kutosha kuhalalisha hatari, lakini mwili uwe bado na nguvu ya kuibeba. Ulaya na Amerika Kaskazini leo wanaihesabu kuwa tiba inayokubalika kwa kundi hilo dogo la wagonjwa wa skleroderma, ndani ya hospitali chache zenye mazoea nayo. Kwa magonjwa mengine mengi ya mapafu yanayotokana na kinga, bado ni jaribio.

Nakuja kwenye sindano mlizotangaziwa. Seli za kitovu, za mafuta ya tumboni au za uloto ambazo huitwa seli shina za mesenkaima ni za jamii nyingine kabisa. Haziundi damu, hakuna kinga inayofutwa kwanza, na mgonjwa hurudi hotelini siku hiyohiyo. Katika maabara zimeonekana kupoza uvimbe, na kwa hiyo watafiti wa kweli wanaendelea kuzichunguza. Mimi mwenyewe ningefurahi zikifaulu. Lakini mojawapo ya majaribio yaliyochapishwa kuhusu mapafu yenye makovu yasiyojulikana chanzo, mwaka 2017, lilikuwa la watu 9 na lengo lake lilikuwa kuona kama sindano ina madhara, siyo kama inaponya. Mwishoni mwa mwaka 2024 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza dawa ya seli za aina hii, nayo ni kwa watoto waliopandikizwa uloto ambao seli za aliyewachangia zimewageukia na dawa za kawaida zimeshindwa. Haihusu skleroderma wala mapafu.

Wauzaji hupenda kusema kwamba seli zikichomwa kwenye mshipa wa mkono huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Hilo ni kweli, na ndilo linalonitia wasiwasi. Damu yote inayotoka mkononi hupita kwenye mapafu kwanza, na seli hizi ni kubwa kuliko upana wa mishipa midogo kabisa iliyomo humo, hivyo hukwama kwa muda na nyingi hufa ndani ya siku chache. Kukwama siyo kuota. Kwa mtu ambaye mishipa ya mapafu yake imeshaanza kusinyaa kwa skleroderma, kuongeza vizuizi ni kumtafutia shida. Mwaka 2010 mgonjwa mmoja alifariki huko Kyoto, Japani, kwa mshipa wa mapafu kuziba baada ya kuchomwa seli zilizotokana na mafuta.

Yapo maswali mnayoweza kuipelekea kliniki hiyo kabla ya kuifunga hoja. Waulizeni jaribio lao limesajiliwa wapi na kwa namba gani. Wagonjwa wangapi wa skleroderma wamewatibu na wangapi wamefariki. Nani atamhudumia dada yako akipata homa siku ya kumi akiwa Morogoro. Na kwa nini mgonjwa alipe ili ashiriki. Katika utafiti wa haki mshiriki hauziwi kile kinachochunguzwa. Jibu la kukwepa, au picha za wagonjwa wanaotabasamu badala ya hesabu, ni jibu tosha.

Kazi iliyo mbele yenu sasa haihitaji dola 24,000. Kwanza ni hiyo prednisoloni. Mwongozo wa mwaka 2023 wa wataalamu wa Marekani unapinga kwa mkazo kuwatibu kwa dawa za aina hiyo wagonjwa wenye skleroderma ya mapafu, kwa sababu dozi kubwa, hasa kuanzia miligramu 15 kwa siku, huweza kuchochea figo kufeli ghafla huku presha ikipanda sana. Asiiache ghafla kwa hofu ya kusoma makala hii, kwa maana kuiacha ghafla nako kuna hatari. Apelekwe kwa daktari aipunguze kwa hatua, na presha yake ipimwe kila wiki, ikipanda bila sababu awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Pili ni dawa ya kushusha kinga iitwayo maikofenoleti, ambayo wagonjwa waliopandikizwa figo wanaifahamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 142, uliilinganisha na saiklofosfamidi ya vidonge: zote mbili ziliboresha kiasi cha hewa ambacho mapafu hubeba, na maikofenoleti ilivumilika zaidi. Haifai kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba, kwa hiyo dada yako na daktari wazungumze waziwazi kuhusu uzazi wa mpango. Zipo pia nintedanibu, ambayo katika utafiti wa mwaka 2019 wa wagonjwa 576 ilipunguza kasi ya mapafu kupoteza uwezo, na tosilizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa kazi hiyo. Bei zake ni kubwa na huenda mkahitaji kiasi cha akiba yenu huko mbele. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokuimaliza leo.

Kabla ya dawa yoyote ya kushusha kinga, apimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na kifua kikuu. Safari hii kifua kikuu kitafutwe kwa ushahidi, kwa sababu kinga ikishushwa vimelea vilivyolala huamka. Na mtu huyu asipikie kuni wala mkaa ndani ya jiko lisilo na dirisha. Naliandika hili kwenye makala ya kisayansi bila kusita, kwani mapafu yenye makovu hayana akiba ya kupoteza kwa moshi. Kama baada ya miezi sita hadi kumi na miwili ya dawa zinazofaa vipimo vinaendelea kushuka, hapo ndipo mjadala wa upandikizaji wa kweli uanze, na hapo kiwanja kinaweza kuzungumzwa upya.

Assalaam aleikum daktari. Mama mkwe ana maradhi ya mapafu yatokanayo na kinga, na watoto wake wanataka atibiwe kwa hizo seli shina. Yeye amekataa kata kata akisema zatolewa kwa watoto wachanga walioharibika matumboni. Je, ni kweli? — Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Mama mkwe ana haki ya kuuliza, na kabla ya yote namuunga mkono kwamba mgonjwa asitibiwe kwa kitu asichokubali moyoni.

Seli shina hupatikana mahali pengi. Zipo za mtu mzima, zinazokaa kwenye uloto na kwenye damu. Hizi ndizo zinazotumika katika upandikizaji nilioueleza hapo juu, na kwa skleroderma hutolewa kwa mgonjwa mwenyewe na kurudishiwa yeye mwenyewe. Zipo za damu ya kitovu na kondo la nyuma, zinazochukuliwa baada ya mtoto kuzaliwa salama, bila kumdhuru yeye wala mama yake, na ambazo vinginevyo zingezikwa au kutupwa. Na zipo za kiinitete cha siku chache tangu kutungwa maabarani, ambazo ndizo zilizoleta mjadala mkubwa wa kidini duniani. Hizo hazitumiki katika tiba yoyote iliyothibitishwa ya mapafu. Hofu yake, basi, haihusiani na tiba iliyofanyiwa utafiti. Hukumu ya sheria kuhusu za kitovu aulizwe mwanazuoni wa kuaminika, mwenye kupewa maelezo kamili.

Kwa upande wangu, kinachonipa shaka kuhusu za kitovu ni usafi. Mwaka 2018 huko Marekani wagonjwa 12 walilazwa hospitalini kwa maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu, na bakteria hao walikutwa hata ndani ya chupa ambazo hazijafunguliwa. Hilo lilitokea katika nchi yenye wakaguzi wengi. Mgonjwa anayetumia dawa za kushusha kinga hana nguvu za kupambana na sindano chafu.

Daktari, nina baridi yabisi kwa miaka tisa na sasa picha imeonyesha makovu kidogo chini ya mapafu. Je, nami nifikirie upandikizaji? — Msomaji, Arusha

Hapana, kwa sasa. Ushahidi niliouandika ni wa skleroderma, na hauwezi kuazimwa na baridi yabisi kwa kuwa tu zote ni magonjwa ya kinga. Makovu kidogo hufuatiliwa kwa kipimo cha kupuliza, kinachopima hewa ambayo mapafu hubeba, kila baada ya miezi michache, na mtaalamu wako ataamua kama dawa za viungo zibadilishwe. Ukivuta sigara, kuacha leo kutayasaidia mapafu hayo kuliko tiba yoyote ya seli iliyopo sokoni.

Daktari, pole na kazi. Tunasikia kwamba Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma zinapandikiza uloto. Kwa nini basi mgonjwa wa skleroderma asitibiwe hapahapa nyumbani? Mashine si zilezile? — Msomaji, Dar es Salaam

Asante, nimeshapoa. Swali lako ni zuri na mashine kwa kweli zinafanana. Muhimbili ilianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya uloto iitwayo maieloma, wanaorudishiwa seli zao wenyewe, na Dodoma mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu, wanaopewa uloto wa ndugu zao. Kuchuja seli, kuzihifadhi, kumweka mgonjwa kwenye chumba safi na kumlinda wakati chembe nyeupe za damu zimeshuka ni ujuzi uleule. Ninafurahi kila ninapoona vijana wetu wakiufanya, kwani miaka michache tu iliyopita wagonjwa hawa walipelekwa India au walikaa bila tiba.

Tofauti ipo kwenye mwili unaopandikizwa. Mtoto wa selimundu huandaliwa na wataalamu wa damu. Mgonjwa wa skleroderma anaingia akiwa na mapafu yenye makovu, pengine na moyo na figo zilizoguswa, na kila kiungo kati ya hivyo kinaweza kufeli katikati ya tiba. Anahitaji kuamuliwa na jopo la mtaalamu wa magonjwa ya kinga na viungo, wa mapafu, wa moyo, wa figo na wa upandikizaji wakiwa mezani pamoja, na jopo hilo liwe na ujasiri wa kumwambia hapana. Hata Ulaya, vituo vilivyofanya upandikizaji huu mara chache vinashauriwa kuwapeleka wagonjwa kwenye vile vyenye uzoefu. Wataalamu wa magonjwa ya kinga na viungo kwetu bado ni wachache sana kwa idadi ya watu tulio nao. Kama ningeulizwa pa kuanzia, ningeomba kwanza kila hospitali ya kanda iwe na kipimo cha kupuliza kinachofanya kazi na mtu aliyefundishwa kukisoma, kwa sababu wagonjwa wengi tunawapata dirisha la upandikizaji likiwa limeshafungwa.

Shikamoo daktari. Ninaishi Ujerumani, na mama yangu yuko Tanga; ana ugonjwa wa kinga unaoshambulia misuli na mapafu. Hapa magazeti yanaandika kuhusu tiba mpya ya seli huko Erlangen ambayo inasemekana imewaacha wagonjwa wa kinga bila dawa. Je, ni seli shina? Niwaandikie? — Msomaji, Ujerumani

Marahaba, mwanangu. Hizo si seli shina. Madaktari wa Erlangen huchukua seli T za mgonjwa, ambazo ni askari wa kinga, na kuzibadilisha maabarani ili ziwatambue na kuwaua seli B, ambao ndio watengenezaji wa kingamwili zinazoushambulia mwili. Tiba hii ilizaliwa kwenye saratani za damu. Walianza na mwanamke mmoja kijana mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga unaoshambulia viungo vingi vya mwili, mwaka 2021, wakaripoti wagonjwa watano wa lupasi mwaka 2022, na mwaka 2024 wakachapisha taarifa ya wagonjwa 15: wanane wa lupasi, watatu wa ugonjwa wa misuli unaofanana na wa mama yako, na wanne wa skleroderma. Wote waliacha dawa zao za kushusha kinga.

Nilipoisoma taarifa hiyo nilipata matumaini ambayo sikuwahi kuyapata katika kazi hii. Lakini watu 15 waliofuatiliwa kwa muda mfupi, bila kundi la kulinganisha nao, ni mwanzo wa safari. Hatuna bado hesabu ya miaka mitano, na tiba yenyewe hutanguliwa na dawa kali na huweza kuleta homa kubwa na maambukizi. Majaribio makubwa zaidi yanaendelea katika nchi kadhaa, na kuandika barua si kosa, hasa kwa kuwa uko karibu nao na unaijua lugha. Usiahidi kitu nyumbani kabla hujajibiwa.

Kabla ya kuandika, mtumie mama fedha za skani ya CT ya mapafu, kipimo cha kupuliza na kipimo cha kingamwili za ugonjwa wa misuli, kwa sababu zipo aina ambazo mapafu hushambuliwa kwa wiki chache na daktari wake wa sasa anapaswa kujua haraka. Omba skani ihifadhiwe kwenye diski na usiridhike na karatasi ya majibu peke yake. Jopo lolote utakaloliendea, liwe la Dar es Salaam au la Erlangen, litataka kuziona picha zenyewe, za sasa na za zamani, zikiwa pamoja.